Mtoto Aliyebaki kwa Mfalme

Jirani yangu hapa Singida ana binti anayefanya kazi za ndani Arabuni. Juzi binti huyo alituma mzigo, na ndani yake kulikuwa na kikopo cha udi. Jirani hakungoja. Alitia makaa kwenye chetezo, akaweka kipande, na kabla sijamaliza chai aliyonikaribisha, moshi ulikuwa umejaa sebule nzima. Yeye alifumba macho kwa raha. Mimi niliaga, nikasema nimeacha maharage jikoni. Sikuwa nimeacha kitu. Nilikwenda kukaa kwenye msingi wa nyumba yangu mpaka kifua kikatulia, maana harufu ile ndiyo iliyoingia nyumbani kwetu Ulemo siku aliyorudi Shangazi Mariamu, na mpaka leo nikiivuta nakuwa mtoto.

Wenzangu mliokulia vijijini enzi za Mwingereza mtakumbuka kwamba Mwarabu wa dukani hakuwa tajiri wa kutisha. Wa kwetu aliitwa Bwana Nasoro. Alizaliwa kwao Arabuni, lakini alikuwa amekaa Iramba mpaka akawa anatukana kwa Kinyiramba bila kukosea. Alilala nyuma ya duka karibu na magunia ya chumvi, alikula ugali wa uwele na mlenda kama sisi, na miguuni alivaa katambuga. Alinunua ngozi, samli na karanga, akauza sukari, nguo na mafuta ya taa. Shangazi yangu Mariamu, mdogo wake baba, ndiye aliyelea watoto wake. Alikaa nao sana mpaka akaingia dini yao. Baba alikuwa Mkristo na alibaki Mkristo, na jina la Mariamu halikuhitaji kubadilishwa, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na ugomvi juu ya hilo.

Nilikuwa bado nabebwa mgongoni wakati Bwana Nasoro alipofunga duka kwenda kumwona mama yake aliyekuwa mgonjwa. Alikwenda na mkewe, Bi Zuwena, na watoto, akamwomba babu amruhusu Mariamu awasindikize ili awashike watoto njiani. Babu aliruhusu. Kiangazi kilichofuata Bwana Nasoro alirudi na mkewe na watoto. Shangazi hakuwamo.

Hayo nilisimuliwa. Walisema Bwana Nasoro alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akamwambia babu, "Mariamu amebaki kwa watu wakubwa. Nyumba ya Mfalme mwenyewe. Mzee, binti yako sasa anakula wali kila siku."

Babu akauliza atarudi lini.

"Akichoka," alisema Bwana Nasoro. Akampa babu kanzu nyeupe yenye darizi shingoni, na shuka kwa ajili ya bibi. Babu aliivaa kanzu ile kila penye sherehe. Bibi alilikunja shuka akaliweka chini ya kitanda, na sikumwona hata siku moja akijifunga.

Kwa hiyo mimi nilikua nikiwa na shangazi ambaye ni hadithi. Nikitumwa dukani kununua chumvi, nilisimama nikiwasikiliza watu wazima wakimuuliza Bwana Nasoro habari za kwao. Alisema zamani kwao kulikuwa na njaa kuliko Iramba. Watu walizamia baharini kutafuta lulu, wakatoka damu masikioni, na chakula chao kilikuwa tende na samaki mkavu. Halafu Wazungu wakaja na mitambo, wakatoboa jangwa, na mafuta yakaanza kutoka ardhini. Sasa Mfalme hajui apeleke wapi utajiri wake. Ndugu zake kila mmoja ana jumba, watoto wa ndugu zake nao wana majumba, na hata mjukuu aliyezaliwa jana ana fungu lake.

Mimi niliposikia mafuta niliona samli. Mafuta ya taa yalinuka, nasi watoto tulikatazwa kuyagusa. Sikuweza kufikiri kwamba mfalme angejivunia kitu kama kile. Lakini samli niliijua. Mama aliisukasuka kwenye kibuyu asubuhi nzima ili apate kidogo, na hicho kidogo kilipelekwa dukani. Basi nilimwona shangazi yangu amekaa kando ya kisima cha samli, ana kata mkononi, anachovya tonge, na ngozi yake inang'aa. Usiku wa njaa, ule wakati wa masika ambapo ghala limeisha na shamba bado, nilimwomba Mungu kwamba Mfalme aniite na mimi.

Shangazi alirudi mchana, kwenye lori la Mhindi lililokuja kuchukua karanga. Nilikuwa uwanjani nawafukuza kuku kwenye uwele ulioanikwa. Nilimwona mwanamke mwembamba, amejitanda baibui jeusi, ana kifurushi cha nguo mkononi, amesimama kwenye njia yetu kama mtu asiyejua kama amefika. Bibi alitoka ndani ya tembe, akakinga macho kwa mkono.

"Mariamu," aliita.

Yule mwanamke hakugeuka. Alikuwa anaangalia mlima.

"Mariamu, mwanangu."

Ndipo akageuka, taratibu, kama mtu aliyeguswa begani. Baadaye nilijua kwamba kule walimpa jina jingine, Mabruka, na kwa miaka yote ile hakuna aliyemwita la kwake. Bibi alimkumbatia akilia. Mimi niliposogea kumwamkia, "Shikamoo, shangazi," udi ulinipiga usoni kutoka kwenye nguo zake. Alinishika kidevu, akaniangalia sana, kuliko mtu anavyomwangalia mtoto wa kaka yake. Aliniuliza nina umri gani. Bibi akajibu kwamba nilizaliwa mwaka wa nzige, na shangazi akatikisa kichwa, akahesabu kitu kimoyomoyo.

Majirani walikuja siku hiyo na siku zilizofuata. Walikaa uwanjani wakimenya karanga zetu bila kuombwa, ili mradi wasikie. Mama Elia, jirani yetu wa karibu, ndiye aliyekuwa mbele kwa maswali.

"Ni kweli hayo mafuta?"

"Ni kweli."

"Wanapika nayo?"

Shangazi alicheka, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoona meno yake. "Hayapikiwi. Ni meusi, yananuka. Yanakwenda kwenye meli, hata hatuyaoni. Tunachoona ni vile vinavyorudi."

Hapo samli yangu ikaniishia. Lakini aliyosimulia yalikuwa makubwa kuliko samli. Alisema mwana wa mfalme gari lake likiharibika jangwani, huliacha hapohapo na mlango wazi, akaletewa jingine. Alisema kuna mashine inayokunywa maji ya bahari na kutema maji matamu, na mashine nyingine ukutani inayotoa baridi, mpaka wanawake wa jumba walijifunika mablanketi mchana wakati nje mchanga unaunguza nyayo. Dhahabu ilipimwa kama karanga. Lakini wanawake waliovaa dhahabu hiyo hawakutoka nje ya ukuta, na wengine walikaa siku nzima wakicheza karata na kugombana juu ya nani ameitwa na nani hakuitwa. Bikizee mmoja, mama wa Mfalme, alikataa kitanda. Alilala chini kwenye mkeka, akaweka tende chini ya mto, maana hakuamini kwamba njaa imekwisha kweli.

"Na Mfalme?" aliuliza babu. "Umemwona?"

"Nimemwona mara nyingi kupitia dirisha. Ni mzee, ndevu zake anazitia hina. Kila asubuhi anakaa chini na watu kwenye baraza. Bedui anatoka jangwani na vumbi lake, anaingia, anamwita Mfalme kwa jina tupu, anasema gari lako limemgonga ngamia wangu. Mfalme anamsikiliza, anamlipa."

"Basi ni mtu wa haki," alisema babu, na kanzu ile ilikuwa mwilini mwake.

"Kwa anayeweza kuingia barazani," alisema shangazi. "Sisi hatukuwa watu wa barazani."

Mama Elia akasema, "Sasa mahali pazuri hivyo, mbona umerudi na kifurushi kimoja?"

Shangazi alipasua ganda la karanga. "Nilichoshwa na joto," alisema.

Kulikuwa na jambo moja ambalo lilinipa matumaini. Mara kwa mara, tukiwa peke yetu, shangazi aliniita nisimame kwenye mwimo wa mlango. "Simama wima," alisema. Alilaza kiganja chake pembeni ya kichwa changu, si juu ya utosi bali karibu na sikio, akachora alama kwa kipande cha mkaa. Kisha alikaa akiiangalia. Nilijua bila kuuliza kwamba ananipimia gauni. Nilikuwa nimesikia habari za magauni ya huko yenye nyuzi za dhahabu, na niliamini moja litakuja na lori. Kwa hiyo nilisimama kwa vidole vya miguu ili kitambaa kiwe kirefu. Shangazi alinikandamiza bega polepole. "Usijirefushe," alisema. "Nataka ukweli."

Siku moja bibi alimkuta ananipima. Tukakaa wote watatu kumenya karanga. Kisha bibi akauliza kwa Kinyiramba, "Unampima wa nini mtoto huyu?"

Shangazi alisogeza ungo karibu. Mimi nilikuwapo, lakini mbele ya watu wazima wenye jambo lao mtoto ni kama kuku. Akaanza kusema, macho yakiwa kwenye ungo, na hakunyanyua uso mpaka alipomaliza.

Alisema kwamba Bwana Nasoro aliwapeleka kumsalimu mmoja wa ndugu za Mfalme, aliyekaa naye ndani ya ukuta mmoja. Bibi Mkubwa wa jumba lile alimwona Mariamu akimbembeleza mtoto wa Bi Zuwena, akasema, "Yaya huyu ni mzuri." Siku ya pili Bwana Nasoro akaondoka bila yeye. Mariamu alikimbilia lango, na lango halikufunguliwa. Alipigiwa kelele kwa Kiarabu ambacho bado hakukijua. Baada ya kukaa muda aliozwa dereva wa jumba, mtu mweusi aliyeitwa Faraji, ambaye babu zake walitoka upande wetu huu wa dunia lakini neno la Kiswahili alilobaki nalo lilikuwa moja tu, "maji." Alikuwa mtu mpole. Walipata mtoto wa kike. Wiki ileile Bibi Mkubwa naye akajifungua wa kiume, maziwa yake yakakataa kutoka. Mariamu akawanyonyesha wote wawili, wake upande huu na wa kifalme upande ule.

"Walimwita Lulu," alisema shangazi. "Ni mdogo kwa huyu. Sasa atakuwa anafika hapa." Akaligusa sikio langu.

Faraji ndiye aliyemwambia kwamba kuna nyumba ya Mwingereza karibu na bandari, na kwamba mtu aliyezuiliwa akifika pale akaushika mlingoti wa bendera, hawezi kurudishwa kwa nguvu. Siku moja alipotumwa kumpeleka sokoni, alipinda njia akamshusha pale. Lulu alikuwa amelala jumbani pamoja na mwana wa Bibi Mkubwa. Mama na mtoto hawakuachwa kutoka pamoja kamwe. Shangazi alifikiri atamchukua baadaye. Aliushika mlingoti kwa mikono miwili, na chuma kilikuwa cha moto mpaka viganja vikachubuka. Karani wa Kihindi alimtoa pale, akamuuliza kwao ni wapi. Aliposema Tanganyika, Mzungu alicheka kwa upole, akasema, basi wewe tayari ni wetu.

"Nikamwambia nina mtoto. Akatuma mtu jumbani. Jibu likaja kwamba mtoto amezaliwa ndani ya nyumba ile, baba yake ni wa nyumba ile, na ni ndugu wa kunyonya wa mwana wa Bibi Mkubwa. Hatoki. Nikaambiwa, mlango uko wazi, ukitaka kurudi ndani kwa mtoto wako rudi, lakini ukirudi sisi hatukujui tena. Na meli inaondoka kesho." Alikung'uta maganda kutoka kwenye khanga yake. "Nilifikiri nikifika kwetu nitakuwa na watu. Baba yupo, kaka yupo, Serikali ipo. Nilifikiri atafuatwa."

Bibi aliweka ungo chini. Mimi nililiangalia lile doa la mkaa kwenye mwimo, nikajua gauni halipo. Nakumbuka kwamba hilo ndilo lililoniuma kwanza. Mengine yalinifikia baadaye.

Jioni ileile bibi alimweleza babu. Asubuhi babu alikwenda dukani pamoja na baba, nami nikafuata nyuma na chupa ya mafuta ya taa kama niliyetumwa. Bwana Nasoro aliwapa viti. Hakukana kitu.

"Mzee wangu," alisema, "kule mkubwa akisifu kitu chako, unampa. Ndiyo desturi. Ningefanyaje? Mimi ni nani nimkatalie ndugu wa Mfalme? Mama yangu anaishi kwenye ardhi yao, anakunywa maji yao."

"Mariamu si kitu," alisema babu.

"Najua."

"Ulijua wakati ule?"

Bwana Nasoro aliziangalia katambuga zake. Bi Zuwena alikuwa nyuma ya pazia la duka. Tuliona vidole vya miguu yake. Alikuwa analia, na mumewe alimwambia anyamaze, lakini hakusema kwa ukali. Ukiniuliza leo, nitasema mtu yule alikuwa anaogopa tangu siku ile aliyorudi bila shangazi yangu. Wakati ule nilitaka babu ampige. Babu hakumpiga. Alisimama, akasema tutakwenda bomani.

Usiku wa kuamkia safari mama aliniogesha, akanipaka samli mwili mzima, akanivika gauni langu la kanisani. Nilishangaa, maana sikuwa na kesi bomani. Nilimsikia babu nje akimwambia baba, "Huyu lazima aende. Mzungu akimwona ndipo ataelewa." Halafu akasema jambo lililonitoa usingizi. Alisema, "Yeye ndiye badala ya yule."

Nilielewa hivi: Mfalme amekataa kumtoa Lulu bure, kwa hiyo anapelekewa mimi. Ndiyo maana nilipimwa. Ndiyo maana nimepakwa samli. Niliyekuwa nikimwomba Mungu niitwe, sasa nimeitwa, na nilitetemeka mpaka mama akadhani nina homa. Sikumwambia mtu. Kwetu watoto hatukuwa na desturi ya kuuliza mipango ya wakubwa, na nilidhani hata mama amekubali, kwa kuwa ndiye aliyenipaka.

Tulipanda lori, babu, shangazi na mimi, juu ya magunia. Njia nzima shangazi alinishika mkono. Nilidhani ananishika nisiruke. Tulipolipita ziwa Singidani, lile maji yake ya chumvi na ndege wake wekundu kando, niliamini tumefika baharini na kwamba meli iko nyuma ya mawe.

Bwana DC alikuwa kijana, mikono yake imeungua na jua. Alisimama tulipoingia, akampa babu kiti, jambo ambalo babu alilisimulia mpaka kufa kwake. Mkalimani alikuwa Mnyaturu, mtu wa makamo mwenye miwani. Shangazi alisema yote kwa utaratibu, bila kulia. Kisha akanisukuma mbele.

"Mwambie Bwana mtoto wangu ni kama huyu," alisema. "Amepungua kidogo tu. Anafika hapa." Kiganja chake kikaja sikioni kwangu. "Nimemleta ili amwone. Watu wakisikia mtoto aliye mbali wanadhani ni neno tu."

Mkalimani alitafsiri. DC aliniangalia, nami nikafunga macho, nikingoja kuchukuliwa. Alifungua kopo akanipa biskuti. Nilijua hicho ndicho chakula cha safari.

Walizungumza sana kwa Kiingereza. DC alikuna shingo, akasimama dirishani, akarudi. Mwishowe mkalimani alivua miwani.

"Bwana DC anasema amesikitika sana. Anasema jambo hili ni baya. Lakini nchi ile ina mwenyewe. Mfalme ni rafiki wa Serikali, wana mkataba, na mkataba unasema Serikali haiingilii mambo ya nyumbani kwake."

"Mkataba wa nini?" aliuliza babu.

Mkalimani hakuhitaji kumuuliza DC. "Wa mafuta."

"Mafuta na mtoto, wapi na wapi?"

Hilo halikutafsiriwa, au kama lilitafsiriwa halikujibiwa. DC alisema jambo jingine kwa sauti ya chini, na mkalimani akalisema huku akiangalia meza. "Anauliza, mtoto anakula vizuri? Ana afya? Maana huenda kule atapata shule, na daktari. Anasema labda ni bahati yake."

"Mwambie," alisema shangazi, "sikuja kuuliza kama anakula."

Tukatoka. Hapo barazani, kwenye jua, ndipo nilipoelewa kwamba mimi siendi popote. Mtoto wa kule hatarudi, kwa hiyo mimi sitapelekwa. Furaha ilinijaa kiasi kwamba niliruka ngazi mbili kwa mara moja, nikageuka nikicheka ili nimwonyeshe shangazi. Alikuwa amesimama juu, ameshika nguzo ya baraza. Alitabasamu ili nisiaibike. Sijaona mtu akifanya kazi ngumu kuliko ile.

Kurudi, babu alimwambia shangazi kwamba Mungu atampa mwingine. Shangazi alisema, "Ndiyo, baba." Tulipofika nyumbani babu aliivua kanzu. Baada ya hapo sikuiona tena, wala sijui aliipeleka wapi.

Shangazi alirudi kwenye kazi za shamba. Alilima, akapalilia, akaamia ndege. Hakunipima tena. Nilipojisimamisha mwenyewe mlangoni siku moja, kwa kudhani nitamfurahisha, alinipita na debe la maji kichwani kana kwamba hakuniona. Watu waliacha kumuuliza habari za Mfalme. Kulikuwa na habari nyingine sasa, za uchaguzi na za Mwingereza kuondoka, na pale dukani wanaume walibishana juu ya hizo.

Katika kipindi hicho Bi Zuwena alisafiri kwenda kwao kwa msiba wa mama mkwe. Kabla ya kuondoka alipita nyumbani, akasema ataingia jumbani kuwapa salamu wanawake, kama ilivyo desturi, na ataangalia. Shangazi hakumtuma kitu. Alisema tu, "Angalia."

Alirudi wakati tunavuna. Alikuja kwa miguu, peke yake, na shangazi akamtandikia mkeka kivulini mwa tembe. Bibi alikuwapo, na mimi nilikuwa nawapepetea uwele. Bi Zuwena alikataa uji, kisha akaupokea.

"Nimemwona," alisema.

Shangazi alikaa vizuri.

"Amekuwa mrefu. Anakwenda na mwana wa Bibi Mkubwa kila mahali, mwalimu anakuja jumbani kuwafundisha, na yeye anakaa nyuma lakini anajua kusoma kuliko mwenzake. Ana bangili. Hana kidonda, hana kovu. Anamwita Bibi Mkubwa mama."

"Faraji?"

"Walimhamisha zamani. Sikuambiwa wapi."

"Ulisema naye? Lulu?"

Bi Zuwena alizungusha kikombe. "Alinimiminia kahawa. Nikamuuliza kwa Kiarabu, mama yako ni nani, kama mtu anayeongea na mtoto tu. Akasema, mama aliyenizaa alikufa baharini. Alisema bila huzuni, Mariamu. Alisema kama somo."

"Ukamwambiaje?"

"Sikumwambia kitu. Wote walikuwa wamekaa pale wananiangalia. Ningemwambia nini?"

Kuku walikuja kwenye uwele wangu, nami sikuwafukuza.

"Umefanya vizuri," alisema shangazi mwishowe. "Basi hangoji mtu."

Akachukua kikombe cha mgeni, akakisuuza, akamletea maji ya kunawa. Akamsindikiza mpaka barabarani, kama inavyopasa, akarudi, akaingia ndani.

Bibi ndiye aliyeshindwa. Alitoka uwanjani, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe lile la msiba ambalo kila mtu wa Ulemo analijua hata akiwa shambani mbali. Shangazi alitoka mbio akamshika. "Mama, nyamaza. Hakuna aliyekufa. Mama." Lakini yowe likishatoka halirudi. Mama Elia alikuwa wa kwanza kufika, amejifunga khanga kiunoni, ana unga kwenye kikapu. Wakafuata wengine na unga, na kuni, na maji, na wanaume wakaja na vigoda vyao wakakaa upande wa zizi. Wanawake walimzunguka bibi wakalia naye. Kisha mmoja akauliza kwa upole amefariki nani.

Bibi hakuweza kusema. Baba aliangalia chini. Shangazi alisimama katikati ya watu wote wale, mkono wake bado umemshika bibi. Aliyeulizwa mwisho nilikuwa mimi, na mimi nilisema sijui.

Hakuna aliyeondoka. Walikaa hivyohivyo mpaka jua likashuka nyuma ya mlima. Mama Elia alimvuta shangazi akamkalisha kando yake, akamfunika kichwa kwa khanga yake mwenyewe. Walipoanza kwenda makwao, mmoja mmoja, walimpa shangazi mkono, na hakuna aliyerudi nyumbani na unga aliouleta.